Mlaji Hayumo Katika Utetezi Wao

Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza Mwenyeheri kijana wa Goma aliyekuwa mtumishi wa umma. Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria, akaajiriwa na OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa. Kazi yake ilikuwa kuamua mzigo upi unafaa kuingia sokoni na upi umeharibika. Mwaka 2007 alitakiwa apokee fedha ili apitishe vyakula vilivyooza. Akakataa. Mwezi Julai alitekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa na miaka 26.

Tangu jina lake lianze kutajwa kwenye mahubiri, kuna utetezi unaozunguka. Mmeusikia kwenye jumuiya, ofisini, kwenye gari la kurudi kutoka msibani. Hakuna anayesema Bwana Chui alikosea. Wanasema alikuwa mtakatifu, na kwamba kwa sababu hiyohiyo maisha yake si kipimo cha Mkristo wa kawaida mwenye kazi, watoto na mkopo. Utetezi huu unaaminiwa na watu wenye akili zao, na baadhi yao nawaheshimu. Ndiyo maana nitaweka kila dai mezani kwa namna ambayo wenyewe watakubali kwamba ndivyo wanavyosema, kisha nitaonyesha linapokatikia. Uamuzi ni wenu.

Dai linalobeba mengine yote ni kwamba imani ni jambo la moyoni na ofisi ni ya watu wote. Likitolewa vizuri lina nguvu. Tunaishi Waislamu na Wakristo mtaa mmoja, pamoja na wasio na dini. Afisa akianza kufanya kazi ya umma kwa dini yake, kesho atampa huduma muumini mwenzake na kumzungusha mwingine. Kwa hiyo, wanasema, imani ibaki kanisani, na kazini itawale kanuni ya kazi.

Hofu ya upendeleo ni halali. Sasa tazameni kilichotokea Goma. Bwana Chui hakuuliza mwenye mzigo anasali wapi, wala hakuuliza watakaokula chakula kile ni wa dhehebu gani. Imani yake ilimfanya aitumie kanuni ya serikali kwa kila mtu sawasawa, na hicho ndicho wenye dai wanachosema wanakitaka. Kilichotaka kuleta ubaguzi kaunta ile ni bahasha, kwa maana hongo ndiyo inayofanya sheria iwe moja kwa mwenye fedha na nyingine kwa asiye nazo. Kama kweli wanaogopa upendeleo, wamemwekea ulinzi mtu asiyehusika.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. Wenye dai hili wenyewe hawaiachi imani moyoni. Wanafunga na kuomba ili wapate zabuni. Wanasimama Jumapili kutoa ushuhuda wa kupandishwa cheo. Wanaandika jina la Mungu juu ya mlango wa duka na nyuma ya basi. Siwalaumu kwa lolote kati ya hayo. Lakini Mungu anayeshukuriwa kwa zabuni iliyopatikana alikuwapo siku zabuni ilipokuwa ikitafutwa, na aliiona mikono yote iliyopeana vitu siku hiyo. Ama yumo kazini, ama hayumo. Hawawezi kumwita kwenye faida na kumfungia mlango kwenye njia ya kuipata.

Dai la pili linamhusu Floribert mwenyewe. Linasema shahidi wa imani ni yule aliyeambiwa amkane Kristo akakataa. Waliomuua huyu hawakumuuliza habari za Kristo. Walitaka mzigo wao upite. Kwa hiyo ni mauaji ya kibiashara, shauri la polisi na mahakama, na Kanisa limelivalisha joho lisilolifaa.

Likikubaliwa, dai hili linamfuta kwanza Yohana Mbatizaji. Herode hakumtaka Yohana akane fundisho lolote. Alimfunga kwa sababu Yohana alimwambia wazi kwamba si halali kuwa na mke wa ndugu yake, na kichwa chake kikaletwa kwenye sinia. Makanisa ya Mashariki na ya Magharibi yote yanamhesabu shahidi. Linamfuta pia Askofu Mkuu Janani Luwum. Mwezi Februari 1977 maaskofu wa Anglikana wa Uganda walimwandikia Idi Amin kulalamikia mauaji na uonevu uliokuwa ukiendelea nchini, na tarehe 16 mwezi huohuo Luwum akauawa. Amin hakumdai Luwum aukane Utatu, alimtaka anyamaze tu. Katika kesi zote tatu muuaji hakuwa na ugomvi na kanuni ya imani iliyokaririwa ibadani. Ugomvi wake ulikuwa na kitendo ambacho imani hiyo ilikizaa. Nabii, askofu na mkaguzi wa vyakula waliuawa kwa sababu ya aina moja.

Angalieni pia dai hili linasimama juu ya nini. Linasema kukataa hongo si tendo la imani kwa kuwa ni tendo la kazini. Hilo ndilo dai la kwanza lenyewe limerudi. Kitu kilichotakiwa kuthibitishwa kimetumiwa kuwa uthibitisho.

Wanaojua Biblia hawaishii hapo, na hao ndio wanaohitaji jibu refu. Wanatuletea Naamani. Katika 2 Wafalme 5, jemadari wa Shamu ameponywa ukoma, ameamua kumwabudu Bwana peke yake, kisha anamweleza Elisha shida ya kazi yake: bosi wake huingia hekaluni mwa Rimoni akimwegemea mkononi, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Anaomba asamehewe kwa jambo hilo. Elisha hamkemei, anamwambia aende kwa amani. Hapo, wanasema, nabii mwenyewe ametambua kwamba mtu mwenye ajira hawezi kusimama wima kila mahali. Wanaongeza agizo la Yesu katika Mathayo 10 kwamba wanafunzi wawe na busara kama nyoka. Mkristo wa leo ofisini ni Naamani: anainama kwa mwili, moyo wake uko kwa Mungu.

Hii ndiyo hoja yao bora kuliko zote. Nawaomba mfungue sura hiyohiyo na kuendelea kusoma, kwa sababu wao husimama mstari wa 19. Kabla ya mazungumzo ya Rimoni, Naamani alimbembeleza Elisha apokee zawadi, na Elisha akakataa kwa kiapo. Baada ya mazungumzo hayo, Gehazi, mtumishi wa Elisha, anaona bwana wake amemwachia mgeni tajiri kirahisi. Anamkimbilia Naamani njiani na kumwambia kwamba wamefika vijana wawili, wana wa manabii, wanahitaji talanta ya fedha na mavazi. Anapewa talanta mbili na mavazi mawili. Anavificha nyumbani, anarudi kusimama mbele ya Elisha, anaulizwa ametoka wapi, anasema hakwenda popote. Anatoka mbele ya nabii akiwa na ukoma wa Naamani.

Basi tulinganishe. Naamani ni mgeni katika imani, anarudi kwao kwenye watu wa miungu mingine, na jambo analoliombea msamaha ni kuinama akiwa amemshika mkono bwana wake wakati wa ibada. Halimwibii mtu, halimlishi mtu sumu, tena analitaja mwenyewe mapema na kwa aibu. Gehazi anatumika nyumbani mwa nabii, anatumia nafasi yake ya utumishi kujipatia fedha, anaipamba kwa jina la wahitaji wa dini, na anaficha. Afisa Mkristo anayepokea bahasha mpakani anafanana na yupi? Sura moja ina watumishi wawili, na wenye hoja wamejichagulia yule asiyewahusu. Kama sura hii ni mamlaka kwao juu ya mambo ya ofisini, basi ni mamlaka yote, pamoja na mwisho wake.

Agizo la busara ya nyoka nalo halisaidii. Katika mistari inayofuata, Yesu anawaambia wanafunzi kwamba watapelekwa mabarazani, watapigwa, watasimamishwa mbele ya maliwali na wafalme kwa ajili yake. Busara inayozungumzwa pale ni ya watu ambao tayari wako upande unaowagharimu, wanaotakiwa wasiingie mtegoni kijinga. Kama ingekuwa busara ya kupatana na kila mwenye nguvu, yale mabaraza yangekuwa na nini cha kuwashtakia?

Dai la neema nitalipitia haraka, kwa kuwa halikai. Linasema tunaokolewa kwa neema, si kwa matendo. Waefeso 2 imemaliza mjadala, na anayesisitiza mwenendo wa kazini anaturudisha kwenye sheria. Ni kweli kwamba hakuna anayenunua wokovu kwa kukataa hongo, na simjui aliyesema hivyo. Lakini barua hiyohiyo, sura mbili mbele, inamwambia aliyekuwa mwizi asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake, apate kitu cha kumgawia mhitaji. Mwandishi wa neema hakuona mgongano wowote. Zakayo, mtoza ushuru, naye hakurudisha mara nne ili Yesu aje kwake. Yesu alikuwa ameshaingia nyumbani. Dietrich Bonhoeffer, Mlutheri aliyelishika fundisho la neema kama Mlutheri yeyote, aliandika kitabu kizima mwaka 1937 dhidi ya neema inayogawiwa bila ufuasi, na aliuawa na Wanazi huko Flossenbürg Aprili 1945. Hao wanaomtaja Luther kutetea bahasha wamsome pia mwanafunzi wake.

Sasa watoto. Hili ndilo dai linalosemwa kwa sauti ya chini na kwa uchungu wa kweli, na nitalitendea haki. Mshahara hautoshi. Ada zinadaiwa, mama mzazi kijijini anahitaji dawa, na mwisho wa mwezi uko mbali. Biblia yenyewe, 1 Timotheo 5:8, inasema asiyewatunza walio wake ameikana imani, naye ni mbaya kuliko asiyeamini. Kongo wana msemo wa Kifungu cha 15, kwamba kila mtu ajitafutie; kwetu tunasema mtu hula urefu wa kamba yake. Baba anayepokea kidogo ili watoto wasilale njaa, wanasema, anatii Maandiko kuliko shujaa anayewaachia yatima.

Umaskini wao si wa kubuni, na serikali inayomlipa mkaguzi fedha ya kumfanya awe ombaomba ina sehemu yake katika hatia. Lakini mstari huo wanaousoma umo katikati ya maagizo ya kuwatunza wajane, unawakemea watu wanaoliachia kanisa mzigo wa mama na bibi zao. Na barua haijaisha. Katika sura ya 6 mwandishi huyohuyo anasema chakula na nguo vikiwapo turidhike, na anawaonya wanaotamani utajiri kwamba kupenda fedha kumewafanya wengine wafarakane na imani. Wamemwita shahidi mahakamani na kumtoa nje kabla hajamaliza kusema.

Kisha niulize swali ambalo dai hili halijawahi kulijibu: watoto gani? Mkaguzi wa nafaka huchoma gunia kwa bambo, punje zikamwagika kiganjani. Anatazama rangi. Anazitenganisha kwa kidole: hizi zimeliwa na fukusi, hizi zimepauka, hizi zina vumbi la kijani la ukungu. Ananusa. Anashika ubichi wake, kwa kuwa nafaka iliyoshika maji huwa haitoi mlio mkavu inapogongana. Kila asichokikataa hapo kitasagwa, na baada ya kusagwa hakuna mama sokoni atakayeweza kukitambua. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, inayoua ini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliwaugulisha watu 317 na kuwaua 125 kati yao. Mahindi yale kwa sehemu kubwa yalilimwa na kuhifadhiwa majumbani hukohuko. Simtaji mkaguzi yeyote. Nautaja msiba ule ili tujue nafaka iliyoharibika hufanya nini ikifika kwenye sufuria.

Na chakula kilichoharibika hakiendi kwenye meza za wenye uwezo. Hushushwa bei, kikanunuliwa na wasio na uchaguzi. Bwana Chui aliwajua hao kwa sura. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, na muda wake nje ya kazi aliutumia kuwahudumia watoto wa mitaani wa Goma, wanaoitwa maibobo, katika shule ambayo jumuiya hiyo iliwaanzishia. Mtu aliyekaa na watoto hao jioni hakuweza kuusoma mzigo asubuhi kama karatasi tupu. Dai la watoto linahesabu watoto wa afisa peke yao. Wengine hawamo. Kwa kweli, pitieni tena madai yote mliyokwisha kuyasikia humu: yumo afisa, yumo mfanyabiashara, imo familia, imo ofisi, umo moyo, imo neema. Mlaji hayumo hata mara moja. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa dhidi ya utetezi huu, kwa sababu Yesu alipoeleza hukumu ya mwisho katika Mathayo 25 alianza na mwenye njaa na alicholishwa.

Dai linalofuata hupendwa na wasomi. Linasema rushwa ni mfumo. Iko kwenye mishahara, kwenye uteuzi, kwenye siasa, kwenye mikono kumi kabla na kumi baada ya mkaguzi. Mtu mmoja akikataa, mzigo utapita kwa mwingine kesho, na kilichopungua ni mtu mwema mmoja. Turekebishe taasisi, tusiwatwishe watu binafsi kazi isiyowezekana.

Kuhusu taasisi niko pamoja nao. Sheria, mishahara na mahakama vinahitajika, na anayehubiri uadilifu bila kuvidai amefanya nusu ya kazi. Lakini sehemu ya pili ya dai, kwamba mtu mmoja habadilishi kitu, inakanushwa na wafanyabiashara wenyewe. Kama sahihi ya Floribert haikuwa na uzito, kwa nini walitaka kuinunua? Kwa nini, aliposhindikana kununuliwa, hawakumpuuza? Hakuna anayetoa fedha kwa kitu kisicho na thamani, na hakuna anayeteka na kuua mtu ambaye kukataa kwake hakumzuii. Bei ya hongo ni kipimo cha uwezo wa anayehongwa. Waliomuua waliujua uwezo wake kuliko wanavyoujua watetezi wanaosema hakuwa nao.

Zaidi ya hapo, dai hili haliwezi kuishi na jirani yake. Mtu huyohuyo anayesema kukataa kwako hakutabadili kitu, karani mpya akikataa kupokea mgawo wake wa mwisho wa wiki, humwita pembeni na kumwambia, “Mdogo wangu, utatuharibia wote hapa.” Basi lipi? Ama kukataa kwa mmoja hakugusi kitu, ama kunaharibu mambo ya wote. Wanaolindana wanajua jibu sahihi, ndiyo maana wanamwita pembeni. Na mfumo wanaousema hauna mikono mingine isipokuwa hii: sahihi hii, muhuri huu, jina hili chini ya fomu.

Wengine hukiri kosa lakini wanalifidia. Ninapokea, wanasema, lakini fungu la kumi natoa, na fedha ile imejenga kanisa, imesomesha yatima wa parokia. Malaki 3:10 imetimizwa. Sitakana kwamba yatima amesoma. Ila Malaki 3 ina mstari wa 5 kabla ya mstari wa 10, na katika huo Bwana anasema atakuwa shahidi mwepesi dhidi ya wanaomdhulumu mwajiriwa mshahara wake, na wanaomwonea mjane, yatima na mgeni. Nimesikia mahubiri ya fungu la kumi miaka yote ya utu uzima wangu. Mstari wa 5 sijawahi kuusikia ukihubiriwa siku hiyohiyo. Nabii aliviweka pamoja kwa sababu anayemdhulumu mtu kisha akamletea Mungu sehemu ya dhuluma anamfanya Mungu mshirika wa mgao wake.

Na hili halihusu maofisa wa mpakani peke yao. Jumuiya imekutana nyumbani kwa mtu jioni. Somo limesomwa, nia zimetolewa, kila mmoja ameombea haki na amani katika taifa. Chai inaletwa na dada wa kazi ambaye mwezi uliopita aliambiwa asubiri, na mwezi huu ameambiwa vikombe viwili alivyovunja vitakatwa. Mchango wa ujenzi wa mwenye nyumba umelipwa tangu mwanzoni mwa mwezi, na risiti anayo. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unalia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Ufuasi wa nyumba hiyo hauko kwenye nia zilizotolewa sebuleni. Uko kwenye fedha ya yule binti, na angeweza kulipwa kabla chai haijapoa.

Limebaki dai kwamba hayo ni ya walioitwa: mapadre, wachungaji, masista, watu waliojitenga. Wakati mwingine nadhani makasisi wenyewe wamelipenda, kwa vile linawapa nafasi ya juu. Jibu lake ni fupi. Katika Luka 3, watoza ushuru walimwendea Yohana wakauliza wafanye nini, na askari vilevile. Hakumwambia yeyote aache kazi akaingie jangwani. Aliwaambia watoza ushuru wasitoze zaidi ya walivyoamriwa, na askari wasimdhulumu mtu kwa nguvu na watosheke na mishahara yao. Watu wa forodha na watu wa bunduki walipata maagizo yao kwa jina la kazi zao. Mashahidi 22 wa Uganda waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964 walikuwa walei, wengi wao vijana watumishi wa ikulu ya Kabaka. Kongo ina mwingine kabla ya Floribert: Isidore Bakanja, mtumishi wa nyumbani kwa wakala wa Kibelgiji, aliyepigwa mijeledi mwaka 1909 kwa kuvaa skapulari, alama ya ibada ya Kikatoliki, akafa kwa majeraha yake miezi kadhaa baadaye, na kutangazwa mwenyeheri mwaka 1994. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na joho la kujifichia.

Dai la mwisho ndilo la ukweli kuliko yote, na halitoki kwa wanafiki. Linatoka kwa mtu aliyewahi kukataa. Anasema: ni rahisi kuandika. Nikihamishwa hadi kituo kisicho na maji, nikinyimwa cheo, nikisimamishwa kwa kosa la kubambikwa, kanisa litaniombea Jumapili moja, na kodi ya nyumba nitailipa mwenyewe.

Namkubalia kila neno kuhusu kanisa. Simkubalii hitimisho. Alichokileta ni shtaka dhidi ya waumini wenzake, nao wanapaswa kulijibu kwa fedha na muda wao, na mfano wanao katika historia yao wenyewe. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini, Rwanda, walikaa Kampala kusoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Buhaya na Kenya. Watu wa uamsho huo walijulikana kwa kurudisha walichoiba na kulipa madeni waliyokuwa wameyakana, na hawakuyafanya hayo kila mmoja kwa upweke wake. Walikuwa na ushirika uliokutana kila mara, ambamo mtu aliweka wazi mambo ya nyumbani na kazini mbele ya ndugu waliomjua kwa jina. Katika Kenya ya miaka ya 1950, watu wa ushirika huo walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa vilevile kubeba bunduki za serikali ya kikoloni. Walibanwa pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Waliweza kusimama kwa sababu aliyekataa alikuwa na watu wa kurudi kwao.

Usharika unaochangisha vigae vya madhabahu unaweza kuchangisha mshahara wa miezi sita wa karani aliyesimamishwa kwa kukataa kupitisha mzigo mbovu. Una mawakili kwenye kwaya, una wahasibu kwenye kamati, una waajiri kwenye viti vya mbele ambao wanatafuta mtu mwaminifu wa kumkabidhi ghala. Unao mfuko wa ujenzi, wa harusi, wa kumpokea askofu. Muulizeni mweka hazina kama upo wa mtu huyu. Kama haupo, aliyekataa ana haki ya kulalamika, na anayemdai jibu ni baraza la wazee, ambalo Jumapili ijayo litasimama tena kutaja majina ya waliotoa zaidi bila kuuliza fedha hizo zimetoka wapi.